Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anapochelewa Kusema na Kuelewana na Wenzake

Tangu tuliposema katika safu hii kwamba tutapokea maswali kuhusu watoto wanaopata shida ya lugha na mawasiliano, barua zimefika kutoka pande nyingi, na baadhi ya walioandika wanasema hawajapata kumweleza mtu mwingine yeyote jambo hilo. Tumechagua nne. Majina yameondolewa, pamoja na mambo yanayoweza kumtambulisha mtoto. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa elimu maalum.

Msomaji wa Kahama anauliza:

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa pili, wa kiume, ana miaka mitatu na miezi minane, na maneno anayoyatumia kuomba kitu hayafiki kumi. Ajabu ni kwamba anakariri tangazo zima la sabuni la redioni bila kukosea. Nikimwita kwa jina hageuki, lakini tangazo hilo likianza anakuja mbio kutoka uani. Akitaka maji hushika kifundo cha mkono wangu akanivuta hadi kwenye mtungi, wala hanitazami usoni. Mama mkwe anasema mtoto ana udata, akatwe. Baba yake anasema watoto wa kiume huchelewa, naye mwenyewe alichelewa. Siku nyingine analaumu chanjo ya surua. Jirani yangu, ambaye ni mwalimu, anatushauri tuache kumsemesha Kisukuma kwa kuwa tunamchanganya. Nifuate lipi?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Una mambo mawili ya kufanya, nayo yaende pamoja: kumpeleka mtoto akapimwe, na kubadili namna mnavyozungumza naye nyumbani. La pili halingoji la kwanza, kwa maana wataalamu ni wachache, foleni yao ni ndefu, na mtoto anaendelea kukua.

Kipimo cha kwanza kiwe cha masikio. Usitulizwe na kumwona akikimbilia redio. Mtoto anaweza kuisikia ngoma, pikipiki na mlango unaobamizwa, na bado asizipate vizuri sauti nyembamba kama s, f na sh, ambazo ndizo zinazotenganisha maneno mengi; kwa hiyo kumpigia makofi nyuma ya kisogo, kama wengi wanavyofanya, si kipimo. Mweleze daktari kama aliwahi kutokwa na usaha masikioni, kama aliugua homa ya uti wa mgongo, au kama alipata manjano kali siku za mwanzo, kwa sababu yote hayo yanaweza kupunguza usikivu. Omba rufaa ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Kwa upande wenu hospitali kubwa ya rufaa ni Bugando, Mwanza. Chukua kadi ya kliniki, na kabla ya kuondoka mrekodi mtoto kwa simu, vipande vifupi tu: akicheza peke yake, akila, akiitwa kwa jina, akitaka kitu. Mtoto aliyesafirishwa usiku kucha na kuingizwa katika chumba kigeni hamwonyeshi daktari yale anayoyafanya uani kwenu.

Udata ni utando ulio chini ya ulimi, ambao kwa baadhi ya watoto huwa mfupi. Ukiwa mfupi mno unaweza kumsumbua mtoto mchanga katika kunyonya, na baadaye ukamtatiza katika kutamka sauti chache. Haumzuii mtoto kugeuka akiitwa, haumzuii kunyosha kidole, wala haumzuii kuelewa anachoambiwa. Na mwanao, anayelitamka tangazo zima la sabuni bila kukosea, ameshathibitisha mwenyewe kwamba ulimi wake unafanya kazi. Kumkata kwa wembe nje ya hospitali kunaweza kumletea kutokwa na damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine, kama ilivyo kwa kukata kimeo, jambo ambalo bado linawadhuru watoto wetu. Mama mkwe usimpinge mbele ya watu. Mwambie kwamba daktari huyohuyo wa masikio ndiye anayechunguza ulimi na koo, na kwamba utamwuliza habari ya udata. Kisha umletee jibu.

Mumeo amesema kweli kidogo. Wasichana huwatangulia wavulana katika kusema, lakini tofauti hiyo ni ya majuma au mwezi mmoja miwili, haifiki miaka. Kwa kawaida mtoto anapokaribia mwaka mmoja hubwabwaja, hugeuka akiitwa na hupunga mkono wa kwaheri. Miezi michache baadaye hunyosha kidole kukuonyesha kunguru juu ya bati, hata kama hamtaki kunguru mwenyewe, ili tu nawe umwone. Akifika miaka miwili huunganisha maneno mawili: "mama njoo", "maji baridi". Wako watoto wanaochelewa kusema na baadaye wakawafikia wenzao, lakini wengi wao katika kipindi hicho cha ukimya huwa wanaelewa mengi na huzungumza kwa mikono na macho. Mwanao hageuki akiitwa, hanyoshi kidole, hakutazami anapokuomba. Hayo ndiyo yanayonifanya nikuhimize uende sasa. Nawaambia pia wasomaji wengine: mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza apelekwe hospitali bila kusubiri hata kidogo.

Sitampa mwanao jina la tatizo kwa njia ya barua. Inawezekana ni usonji, yaani hali ya ukuaji inayomfanya mtoto awasiliane na kuhusiana na watu kwa namna tofauti, na inawezekana ni jambo jingine linalofanana nao. Usonji hauonekani kwa kipimo cha damu wala kwa picha ya kichwa. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza, huwauliza wazazi historia yake kwa kirefu, ndipo anapofikia uamuzi. Hata jina likipatikana, usonji hauleti watoto wa namna moja: mmoja hatasema maisha yake yote, na mwingine atasema kwa ufasaha huku akishindwa kujua lini anyamaze.

Kuhusu chanjo, nielewe vizuri, kwa kuwa hofu hii imewagharimu watoto wengi. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, na katika umri huohuo ndipo wazazi wanapoanza kuona kwamba maneno hayaji. Mambo mawili yakikutana, ni rahisi kulifanya moja kuwa chanzo cha jingine. Hofu yenyewe ilienea baada ya makala ya daktari Andrew Wakefield iliyochapishwa katika jarida la Lancet, Uingereza, mwaka 1998. Mwaka 2010 jarida hilo liliiondoa makala hiyo, na daktari huyo akafutwa katika rejesta ya madaktari. Tafiti za Denmark zilizofuatilia mamia ya maelfu ya watoto hazikuona uhusiano wowote kati ya chanjo na usonji. Surua yenyewe ndiyo inayoweza kumwacha mtoto kiziwi.

Wala chanzo si wewe. Nalisema waziwazi kwa sababu katika barua yako kuna mstari ambao hatukuuchapisha, unaouliza kama ulimkosea mtoto ulipokuwa na mimba. Daktari Leo Kanner alipoueleza usonji nchini Marekani mwaka 1943, na kwa miaka mingi baada yake, wataalamu wengi waliwabebesha lawama kina mama, wakidai kwamba hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa mapacha nchini Uingereza uliodhihirisha kwamba urithi una nafasi kubwa, na madai yale yakaporomoka. Akina mama waliokwisha kuumizwa hawakuombwa radhi.

Jirani yako ana nia njema, lakini ushauri wake msiufuate. Lugha mbili hazisababishi usonji wala hazimcheleweshi zaidi mtoto mwenye usonji. Bibi akikatazwa Kisukuma, akabaki na Kiswahili asichokizoea, atamsemesha mtoto mara chache na kwa maneno makavu, bila nyimbo wala utani. Kinachompunguzia mtoto lugha ni bibi aliyenyamazishwa.

Sasa tuingie nyumbani, ambako ndiko kazi kubwa iliko. Mwanao tayari anakuambia mambo. Anapokuvuta hadi kwenye mtungi amesema kwamba anataka maji, na wewe ndiye aliyekuchagua umsaidie. Wengi wetu, kwa hamu ya kuisikia sauti, tunamzuilia kikombe: "Sema maji! Sema kwanza!" Mtoto analia, mama anakata tamaa, na maji yanageuka kuwa mtihani. Badala yake chuchumaa hadi uso wako ulingane na wake, sema "maji" mara moja kwa sauti ya kawaida, kisha mpe. Siku zinazofuata, sema "maji", subiri kimya huku ukihesabu moyoni hadi kumi, ndipo umpe, hata kama hakutoa sauti. Akikutupia jicho, akigusa kikombe au akitoa "m", umejibiwa. Onyesha kwamba umepokea. Kusubiri huko ni kugumu kuliko kunavyosomeka, kwa sababu sisi watu wazima hatuvumilii kimya na hukijaza haraka kwa maswali: "Hii nini? Yule nani? Sema shangazi!" Yapunguzeni maswali ya namna hiyo kwa kadiri mnavyoweza. Taja tu kile anachokitazama yeye wakati anapokitazama: "kuku", "kuku anakimbia".

Mtengenezee pia sababu ya kukuhitaji. Weka biskuti katika kopo linaloonyesha ndani lenye mfuniko mgumu, umwachie. Akishindwa kulifungua atakuletea. Sema "fungua", lifungue, mpe kipande kimoja, ulifunge tena. Mnyanyue juu kwa "moja, mbili, tatu!" mpaka auzoee mchezo, kisha siku moja sema "moja, mbili..." unyamaze, umtazame. Watoto wengi hutoa sauti yao ya kwanza ya makusudi mahali kama hapo, ambapo wanajua nini kinakuja na wanakitamani. Akishasema neno moja, wewe mwongezee moja tu: yeye "maji", wewe "maji baridi".

Lile tangazo la sabuni usilikemee. Kukariri maneno ya watu ni njia ambayo watoto wengi wa aina hii huingilia katika lugha, na mara nyingi kuna maana ndani yake: huenda hulisema akitaka kuoga, huenda hulisema akiogopa. Angalia hulisema wakati gani. Vilevile, akikuletea bakuli na kusema "Unataka uji?", hakuulizi wewe, amerudisha maneno uliyomwambia jana ulipompa uji. Usimcheke na usimsahihishe. Sema kwa niaba yake, "Nataka uji", kisha mpe, ili sikio lake lianze kuizoea "nataka" katika kinywa cha mtu anayetaka.

Mwisho kwako: chora kikombe, sahani, kitanda na choo katika kadi ndogo, au vipige picha, umzoeshe kukupa kadi ya kitu anachokihitaji. Mama mkwe atasema kadi zitamfanya awe mvivu wa kusema. Utafiti umeonyesha kwamba picha na ishara hazimzuii mtoto kusema, na kwa baadhi yao huifungua njia ya maneno, kwa sababu mtoto anayeeleweka hupungukiwa na kilio na kujipiga kichwa.

Msomaji wa Dodoma anauliza:

Binti yetu ana miaka minne na maneno yake ni machache. Kuna mtu anauza matone ya "kufungua ulimi" kwa WhatsApp, chupa shilingi 85,000, na mke wangu anataka tununue. Mimi naona chanzo ni katuni za kwenye simu. Nani yuko sahihi?

Jibu:

Msinunue. Hakuna dawa ya matone, ya kunywa wala ya sindano inayompa mtoto lugha. Daktari anaweza kumpa mtoto dawa ya jambo linaloambatana na tatizo hilo, kama kifafa au kukosa usingizi kabisa, na huo ni uamuzi wake baada ya kumwona. Shilingi 85,000 ni nauli ya kumpeleka mtoto akapimwe masikio.

Nawe, baba, katuni hazisababishi usonji. Ila saa mbili za simu ni saa mbili ambazo hakuna aliyemjibu mtoto, kwa maana katuni husema bila kumsubiri. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Ikiwa atatazama, kaa naye, utaje mnachokiona. Na televisheni isiyotazamwa na mtu izimwe, maana kelele yake inamfanya mtoto ashindwe kuyatenga maneno yenu.

Msomaji wa Mombasa anauliza:

Assalamu alaykum. Binti yangu ana miaka minane, yuko Gredi ya Tatu. Alipimwa masikio, yako salama. Ni mchangamfu, anacheza na wenzake, anasaidia kazi za nyumbani. Lakini hawezi kusimulia. Juzi alirudi sokoni na mamake akaniambia: "Mama enda soko. Mtu nyanya. Anguka, kote." Ukimpa maagizo matatu hufanya moja. Hajui kusoma. Mwalimu anasema ni mzembe na anataka arudie darasa. Wengine wanasema tumembebesha lugha tatu: Kiswahili cha nyumbani, Kiingereza cha shule na Kiarabu cha madrasa. Ana tatizo gani?

Jibu:

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Tatizo la binti yako huenda ni miongoni mwa yale yaliyo mengi sana na yanayojulikana kwa uchache sana. Watoto wengine, bila uziwi, bila usonji na bila ajali yoyote, huipata lugha kwa shida inayoendelea hadi ukubwani. Mwaka 2017 jopo la wataalamu likiongozwa na Dorothy Bishop wa Uingereza lilichapisha makubaliano ya kuliita kwa jina moja, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulitaja kama tatizo la ukuaji wa lugha. Utafiti uliofanyika Surrey, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2016 uliwakuta nalo watoto wapatao 7 katika kila 100 walioanza shule, yaani kama wawili katika darasa la watoto 30. Fikiria madarasa yetu yana watoto wangapi, na wangapi kati yao wameitwa wazembe.

Jambo la kuchunguza ni Kiswahili chake cha nyumbani. Mtoto aliyelemewa na Kiingereza tu husimulia vizuri akirudi katika lugha ya mama. Binti yako anakwama hata huko: anaacha viambishi ("enda" badala ya "alienda"), na matukio yanamponyoka mpangilio. Kwa hiyo lugha tatu si chanzo, na kumwondoa madrasa hakutamponya. Anayempima lazima ampime kwa Kiswahili. Kenya ina vituo vya kuwatathmini wanafunzi, wengi huviita EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Mwombe mwalimu barua ya kukuelekeza kwa kile cha kaunti ndogo yenu. Kituo kikuu cha tathmini kiko katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, Nairobi. Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha ni mgumu kupatikana, maana hata Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza kuwafundisha mwaka 2008 tu. Ukimpata, mwombe akufundishe wewe na mamake mambo ya kufanya kila siku, badala ya kumtegemea yeye kwa nusu saa ya wiki.

Kurudia darasa kwa namna ileile ya kufundishwa ni kumpa mwaka mwingine wa kutoelewa. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, amgawie maagizo moja baada ya jingine, na amwangalie anapofanya badala ya kumwuliza "umeelewa?", kwa sababu atajibu "ndiyo" kila mara. Ajihadhari na sentensi kama "Kabla ya kutoa daftari, fungeni madirisha". Mtoto wa namna hii hufuata maneno kwa mpangilio anaousikia: atatoa daftari kwanza, na ataonekana mkaidi.

Nyumbani acheni "sema vizuri". Akisema "Mtu nyanya, anguka", jibu kwa furaha kama mtu aliyepewa habari: "Kumbe! Nyanya za yule mama zilianguka? Zikatawanyika kote?" Amesikia "za", amesikia "zilianguka", amesikia "zikatawanyika", na hakuaibishwa. Kisha usiku rudini katika hadithi. Paukwa, pakawa ni mlango mzuri, kwa kuwa zamu yake ya kujibu inajulikana mapema. Msimulieni hadithi moja ya Sungura na Fisi kwa siku nyingi mfululizo, bila kuibadili, mpaka aijue. Kisha mwachieni sehemu: nani alikuja, alikwenda wapi, likatokea nini, mwishowe ikawaje. Hadithi moja aliyoimiliki inamfaa kuliko kumi alizozisikia mara moja.

Kusoma kutakuwa kugumu kwake, kwa maana anayepungukiwa na maneno masikioni huyakosa pia katika ukurasa. Anzeni na vitabu vilivyo chini ya darasa lake, na mwambieni waziwazi kwamba si mjinga. Mtoto wa miaka minane ameshalisikia neno hilo, hata kama hakuwaambia.

Msomaji wa Tanga anauliza:

Mwalimu, mimi ni bibi, nina miaka sabini. Nalea mjukuu wa kiume wa miaka saba, yuko darasa la kwanza. Anaongea sana, hasa habari za mabasi: rangi, namba, saa ya kuondoka, wala hatambui kama umechoka. Lakini hasalimii. Wageni wanasema nimemdekeza. Baba yake mdogo alipiga simu akamwuliza "Bibi yupo?" akajibu "Yupo", akakata simu. Shuleni mwalimu alimwambia "shika adabu yako", naye akauliza aishike wapi, akachapwa viboko kwa kiburi. Je, huu ni utundu? Na mimi nikiondoka, nani atamwelewa?

Jibu:

Shikamoo, bibi. Mjukuu wako alijibu alichoulizwa. Aliulizwa kama upo, akasema upo. Wengine tunajua, bila kufundishwa, kwamba swali hilo maana yake ni "niitie". Yeye inambidi afundishwe, na akifundishwa atalishika. Vivyo hivyo na ile adabu ya kushikwa: aliuliza kwa dhati. Peleka suala hili kwa mtaalamu, kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa, na umweleze mifano hii kama ulivyoniandikia, maana haihitaji nyongeza.

Najua salamu ndiyo inayokuuma. Katika jamii yetu mtoto asiyetoa shikamoo anamletea aliyemlea aibu kabla hajaketi, na watu hawaulizi zaidi. Kwake salamu ni jambo la ghafla: mtu ametokea, anamtazama, anangojea, na yeye hajui aanze lini. Basi mwandalie. Kabla hamjafika mwambie kwa ufupi na kwa mpangilio uleule kila siku: "Tunakwenda kwa Bi Mkubwa. Utampa mkono. Utasema shikamoo. Yeye atasema marahaba. Kisha utakaa." Igizeni nyumbani, wewe ukiwa mgeni, kisha yeye akiwa mgeni. Kama sauti haitoki, mkono au kuinamisha kichwa kunatosha, na Bi Mkubwa aambiwe mapema kwamba hiyo ndiyo salamu yake kwa sasa. Usimlazimishe kukutazama machoni. Baadhi ya mafunzo yaliyotoka Ulaya na Marekani yalilitilia jambo hilo mkazo mkubwa, na watu wazima wengi wenye usonji wameeleza kwamba kulazimishwa huko kuliwaumiza. Tena katika malezi yetu mtoto hakutazamiwa kumkazia mkubwa macho.

Mabasi usiyakataze. Yatumie. Panga naye kwamba atasema habari za basi moja, kisha atakuuliza swali moja kuhusu wewe, kisha basi jingine. Mtafutie pia mwenzake mmoja, mmoja tu, wa kucheza naye mchezo wenye zamu zinazoonekana, kama bao au karata. Kundi la watoto kumi uwanjani linamlemea.

Kuhusu viboko: kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika kitabu. Hata ingefuatwa yote, mtoto aliyechapwa kwa kutoelewa hafundishwi kuelewa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma pamoja na wenzake na kupata msaada anaouhitaji. Nenda na mtu mzima mwingine wa familia mkaonane na mwalimu mkuu kwa utulivu, mkiomba jambo dogo linalotendeka: aambiwe kwa maneno ya wazi. Badala ya "shika adabu", aambiwe "kaa kwenye dawati, nyamaza, tazama ubaoni". Ikishindikana, afisa wa elimu maalum wa halmashauri ndiye anayefuata.

Swali lako la mwisho nimelisoma mara nyingi. Siwezi kukuahidi atakavyokuwa akikua; wako wanaofanya kazi na kuwa na familia zao, na wako wanaohitaji mtu karibu nao siku zote. Unachokijua wewe kuhusu mtoto huyu hakijaandikwa popote, na hilo linaweza kurekebishwa. Tafuta daftari. Mwite baba yake mdogo siku ya mapumziko, wewe utaje na yeye aandike: neno gani hulisema akimaanisha nini, kelele zipi humtia hofu, hutulizwaje, hula nini, aandaliwe vipi kabla ya safari, ni basi gani analolipenda. Kisha huyo baba mdogo awe anamchukua mara kwa mara bila wewe kuwepo, kwanza kwa saa moja, baadaye kwa siku nzima, huku akirekebisha daftari pale anapoona mambo tofauti. Kurasa zinazohusu shule zinakiliwe na kupewa mwalimu wa darasa kila mwaka mtoto anapohamia darasa jipya.